Mtoto Ana Miezi Minne, Uso Umezeeka Miaka Kumi: Kweli au Macho Tu?

SEHEMU YA 1

Leo niko mapumziko, mtoto kalala, umeme upo, kwa hiyo mnivumilie, itakuwa ndefu. Naiweka vipande vipande ili mwenye bando dogo asome kidogokidogo.

Wiki kadhaa nyuma alikuja kliniki mama mmoja kutoka huko visiwani, delta. Mtoto wa miezi minne, mzuri, mashavu haya! Uzito wa mtoto ukapanda vizuri, nikamwambia hongera, nikadhani tumemaliza. Akabaki amekaa. Akatoa simu, akanionyesha picha mbili. Moja ya siku ya harusi ya mdogo wake, mwaka juzi. Nyingine kajipiga asubuhi ile ile akiwa kwenye boti. Akaniuliza, "Nesi, hebu niambie ukweli. Huyu na huyu ni mtu mmoja?"

Mumewe alikuwa karudi kuvua kamba, kamtazama, kacheka, kamwambia siku hizi unafanana na mama yangu. Mwenyewe alisema utani. Lakini mwenzenu utani ule aliulala nao wiki nzima, na wiki ya pili akaenda kununua kopo. Kopo lilikuwemo ndani ya mkoba wa mtoto, katikati ya nepi na kadi ya kliniki. Halina jina, halina tarehe, mfuniko wa bluu. Muuzaji kamwambia linarudisha ujana ndani ya siku saba.

Swali lake nimeulizwa na wengi mno, kliniki na hata inboksi: hivi kukosa usingizi miezi mitatu minne, na mawazo, vinaweza kumzeesha mtu usoni kweli? Au ni macho yetu tu?

Jibu langu fupi: vinaonekana usoni, ndiyo, na siyo macho yako tu. Ila sehemu kubwa ya unachokiona kwenye kioo siyo uzee. Ni uchovu uliovaa nguo za uzee. Tofauti ya hivyo viwili ni kubwa, maana uchovu unaondoka, na dawa ya uchovu haiuzwi kwenye kopo.

Nielewane na nyie mapema: mimi ni nesi, mkunga, siyo daktari wa ngozi. Naongea ninachokijua na ninachokiona.

SEHEMU YA 2

Tuanze na usiku mmoja tu.

Kule Sweden, Stockholm, kuna watafiti walifanya jambo rahisi ambalo hata sisi tungeweza kulifanya. Waliwapiga watu picha mara mbili: mara moja wakiwa wamelala vizuri, mara nyingine wakiwa wamekaa macho saa 31. Kisha wakawapa picha watu wengine wasiojua chochote, wakawaambia wapime nyuso. Utafiti wa kwanza ulitoka 2010, watu 23 walipigwa picha na watu 65 wakawapima. Wa pili ukatoka 2013, watu 10 walipigwa picha, wapimaji 40. Matokeo: wasiolala walionekana kope zimelegea, macho mekundu na yamevimba, chini ya macho kweusi, ngozi imepauka, mistari myembamba imeongezeka, pembe za mdomo zimeshuka. Na jambo moja ambalo mimi lilinigusa: walionekana wenye huzuni. Hawakuwa na msiba. Walikuwa na usingizi tu.

Kwa hiyo yule mume wa visiwani hakuona vibaya. Aliona kitu. Alichokosea ni jina la kitu chenyewe.

Kinachotokea ni hivi. Usipolala, mwili unajiweka kwenye hali ya hatari, homoni ya kotisoli inapanda, mishipa midogo ya ngozi inabana, damu inakuwa kidogo usoni. Kwa mzungu hilo utaliona kama weupe. Kwa sisi weusi linatoka kama kijivu, uso unakuwa kama umepakwa vumbi la unga, ule mng'ao unapotea. (Hizo picha za Stockholm zilikuwa za watu wa kule, kwa hiyo usijipime kwa maneno yao yote.) Maji nayo yanatuama kwenye kope, maana ngozi ya pale ni nyembamba kuliko sehemu nyingine za uso. Kope zikivimba na kushuka, kivuli kinaongezeka chini ya jicho, na jicho la mtazamaji linasoma kivuli kama weusi. Ngozi ikikauka, vimistari vidogo ambavyo vilikuwepo siku zote vinajitokeza, kama nyufa za tope la mpunga likikosa maji siku mbili. Ukirudisha maji, nyufa zinajifunga.

Mimi mwenyewe nikimaliza zamu tatu za usiku mfululizo wodini, niogopeni. Asubuhi moja mgonjwa aliniita "bibi nesi". Si kwa heshima, alidhani kweli mimi ni bibi! Nina miaka thelathini na kitu. Nilikwenda nyumbani nikalala tangu saa nne asubuhi mpaka magharibi, kesho yake yule yule mgonjwa akaniuliza nesi wa jana mzee yuko wapi.

SEHEMU YA 3

Sasa mtasema, nesi, usiku mmoja tumekuelewa, lakini sisi hatuongelei usiku mmoja.

Haya. Tuongelee dungu. Walio mjini hamjui dungu, ni kile kibanda cha juu ya miti katikati ya shamba la mpunga. Mpunga ukianza kushika, mama anahamia dunguni na watoto, mchana anafukuza ndege, usiku nguruwe, na penye mto viboko. Wiki nyingi analala nusu jicho. Wale kina mama wakishuka kuja kliniki baada ya mavuno nawajua kwa uso kabla hawajatoa kadi.

Na mwaka 2024 tuliona zaidi ya dungu. Aprili ile maji ya Rufiji yalivyofurika huku kwetu na upande wa Rufiji, nyumba zikaingia maji, mpunga ukazama ukiwa shambani, watu wakakimbilia sehemu za juu. Hatujakaa sawa, mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya na upepo wake. Mama aliyejifungua mwezi ule, mwambie nini kuhusu usingizi? Alikuwa anakaa kitako usiku kucha kumlinda mtoto na mbu na kuwaza atakula nini Juni. Nyuso nilizoziona Mei ile zilikuwa za watu waliozeeka ghafla. Sina neno jingine.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili ya habari. Baadhi ya kina mama wale wale nimewaona tena, wamekuja na chanjo za mtoto za miezi tisa. Si kwamba maisha yalikuwa yamenyooka. Wamehemewa tu kidogo, wamepata pa kulala, wamepata nyavu na mihogo. Na sura zao zilikuwa zimerudi. Mmoja nilimwangalia mara mbili, nikaangalia kadi kuhakikisha ni yeye.

Hili nililokuwa naliona kwa macho, watafiti wa Marekani wamelikuta kwenye damu. Mwaka 2023 kundi la Chuo Kikuu cha Harvard lilichapisha utafiti wa kupima umri wa mwili, siyo umri wa cheti cha kuzaliwa, ule unaosomwa kwenye alama za kemikali juu ya vinasaba. Waliwaangalia wazee waliofanyiwa upasuaji wa dharura wa nyonga, wajawazito, na wagonjwa mahututi wa Uviko. Umri wa mwili ulipanda kipindi cha msukosuko, na ukashuka mwili ulipotulia. Wale wa nyonga ulishuka ndani ya siku chache tu. Wajawazito ulipanda hadi karibu na kujifungua, kisha ukaanza kurudi baada ya kujifungua. Hiyo ni damu, siyo ngozi, nisije nikawadanganya. Ila inavunja ile imani yetu kwamba ukizeeka umezeeka, hakuna kurudi. Mwili unapanda na kushuka kama maji ya delta, kuna bamvua na kuna maji mafu.

Na ngozi ya juu yenyewe haikai. Inajibadilisha yote kwa muda wa mwezi hivi, kwa mtu mzima inaweza kuzidi kidogo. Ngozi uliyokuwa nayo wiki mbaya kuliko zote za mwezi wa kwanza wa mtoto, leo hunayo tena.

SEHEMU YA 4

Kuna waliokwisha niandikia kwenye maoni ya sehemu ya 3: "Kwa hiyo nesi tusijali?" Hapana bwana. Sijasema hivyo.

Tofauti ni muda. Wiki na miezi michache, mwili unalipa deni. Miaka na miaka, deni linakuwa riba. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilichapisha mwaka 2021 utafiti wa kina mama 33. Waliokuwa wanalala chini ya saa saba mtoto akiwa na miezi sita, mtoto alipofikisha mwaka umri wao wa mwili ulisomeka miaka 3 hadi 7 zaidi ya wenzao waliolala saa saba au zaidi. Ni watu wachache, na ni damu tena siyo uso. Lakini mie hiyo saba iliniliza. Nani huku anayelala saa saba na mtoto wa miezi sita? Halafu tunamuuliza mbona umepauka.

Na ngozi isiyolala inajitengeneza polepole. Kuna utafiti wa zamani, 1995, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, wa watu waliokuwa wanauguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kusahau. Walitobolewa kidonda kidogo mkononi, sawasawa na wenzao wasiouguza. Vidonda vya waliouguza vilichelewa kupona kwa siku 9. Kidonda kile kile, ngozi ya rika lile lile. Mzigo wa mawazo ndio tofauti. Ninyi mnaouguza mshono wa opereisheni huku mnalea na kupika na kusikiliza maneno, mnaelewa kwa nini nawasumbua kuhusu kupumzika.

Ila tukiongelea makunyanzi ya kweli, yale yanayobaki hata ukilala mwezi mzima, mzeeshaji mkubwa wa uso kutoka nje ya mwili ni jua, siyo usingizi. Miale yake inavunja kolajeni, ile kamba inayoshikilia ngozi. Melanini yetu inatusaidia sana, ndiyo maana bibi zetu wanafika miaka sitini mashavu bado yamejaa, lakini haitukingi kabisa. Na jua la kwenye boti ni mawili, la juu na lile linalorudishwa na maji. Funga mtandio, vaa kofia ya ukindu. Moshi wa sigara nao unazeesha ngozi, hata kama anayevuta ni baba na wewe unakaa naye chumba kimoja. (Wenye ualbino hapo naongea lugha nyingine kabisa: kwenu jua siyo suala la makunyanzi, ni saratani. Kofia, mikono mirefu, losheni ya kuzuia jua kila siku, na kidonda kisichopona uje uonwe mapema.)

SEHEMU YA 5

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike yote haya, someni hata kama zingine mmeruka.

Yule mama wa picha mbili. Baada ya kunionyesha simu, nilifanya kitu tunachofundishwa mwaka wa kwanza wa chuo. Nikamshusha kope ya chini. Ndani palikuwa peupe. Pale panatakiwa pawe pekundu kama nyama ya tikiti. Nikaangalia viganja, vyeupe. Ulimi, mweupe. Nikamuuliza ukipanda ngazi za gatini unahema? Akasema nahema hata nikichota maji. Tukapima damu: gramu 8.2. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afike 12.

Huyu hakuwa na uzee. Hakuwa na tatizo la usingizi peke yake pia. Alikuwa hana damu. Alitoka damu nyingi siku ya kujifungua, vidonge vya madini chuma alimeza wiki mbili vikamletea kichefuchefu akaacha, akarudi visiwani kula wali na chai. Na pesa ambayo ingenunua dagaa na maharage ilinunua kopo la bluu.

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa Tanzania wana upungufu wa damu. Karibu nusu yetu! Kwa hiyo mtu akikuambia umepauka umezeeka, kabla hujaingia dukani, nenda kapime damu. Ni tone la kidoleni. Vidonge vikikusumbua tumbo, usiache kimyakimya, njoo useme, tutakuelekeza kumeza baada ya chakula kidogo au muda wa kulala. Chai iache mbali na kidonge na mbali na chakula, inazuia madini chuma yasiingie. Chungwa au embe, sawa kabisa.

Kuna na mengine yanayojificha nyuma ya maneno "ni usingizi tu".

Uso kuvimba. Kope kuvimba asubuhi kidogo na kushuka saa mbili baadaye ni kawaida. Uso umevimba, kichwa kinauma hakisikii dawa, unaona giza au nyota, tumbo la juu linauma, hasa ndani ya wiki sita baada ya kujifungua: hiyo usilale, usipake kitu, usisubiri boti ya kesho. Inaweza kuwa presha ya uzazi, kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka. Watu wengi wanadhani ukishajifungua hatari imeisha. Haijaisha. Tafuteni usafiri usiku huo huo.

Mabaka ya kahawia kwenye mashavu na paji la uso, yaliyoanza na ujauzito. Hayo ni ya homoni, jua linayazidisha, kwa wengi yanafifia yenyewe miezi baada ya kujifungua. Ukiyachokonoa na mkorogo unayakaza.

Nywele kutoka mafungu kwa mafungu ukichana, mtoto akiwa na miezi mitatu hadi minne. Jamani hizi nywele zimeleta ugomvi mpaka wa kusingizia wifi kaloga! Wakati wa mimba nywele hazikudondoka kama kawaida, sasa zinadondoka zote pamoja. Mtoto akifika mwaka, nyingi zimerudi. Isipokuwa zinatoka na kuacha viraka vitupu, au zimepita mwaka, hapo njoo.

Na la mwisho naomba mlisome polepole. Kama mtoto amelala, watu wamekupokea mzigo, kitanda kipo, chandarua kipo, na bado usingizi hauji, siku baada ya siku. Kama unalia bila sababu, huna raha na mtoto, unahisi ungekuwa haupo ingekuwa afadhali, au mawazo yanakuja ya kumdhuru mtoto: huo siyo uchovu na siyo udhaifu wa imani. Ni ugonjwa, unatokea sana baada ya kujifungua, na una tiba. Usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize leo. Ukija, hatutakunyang'anya mtoto, na hatutakucheka.

SEHEMU YA 6

Kopo sasa.

Sitataja majina, mkorogo hauna jina moja. Ila ndani yake mara nyingi kuna mmoja au zaidi kati ya hawa watatu: zebaki, haidrokwinoni, na dawa za steroidi kama betamethasoni na klobetasoli, ambazo hospitali tunazitumia kwa magonjwa ya ngozi kwa muda mfupi na kwa maelekezo. Kwenye vipodozi, Tanzania hivi vimepigwa marufuku, na tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS. Marufuku haifiki kila gati, mnajua.

Kwa nini linafanya kazi siku saba? Linafanya kazi kweli, sikatai. Steroidi inabana mishipa na kushusha uvimbe, uso unalainika, mistari inapotea, unaita mashoga waje waone. Mwezi wa pili, wa tatu, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sambusa. Mishipa inaonekana. Chunusi, vinyweleo, uso kuwaka ukiingia jikoni. Ukiacha, uso unalipuka, unarudi kupaka ili utulie. Umeshakuwa mtumwa. Na ngozi nyembamba ndiyo ngozi ya kizee! Umelipa pesa kununua kile ulichokuwa unakikimbia.

Zebaki nayo inaharibu figo, na haibaki usoni. Inaingia kwenye damu, inaingia kwenye maziwa. Mtoto analala shavu lake juu ya shavu lako, anashika uso wako, anatia vidole mdomoni. Ukisoma kwenye kopo neno "mercury" au "calomel", ndiyo hiyo. Kopo lisiloandikwa kitu usilipe hata nafasi ya kulisoma. Na ukitaka kulitupa, usilitie kwenye moto wala jikoni, moshi wa zebaki ni sumu mbaya zaidi. Lifunge kwenye mfuko, lipeleke kituo cha afya uulize. Kama umeshapaka muda mrefu, njoo kwanza kabla ya kuacha ghafla, tukupange vizuri na daktari.

Ukiniuliza upake nini: mafuta ya nazi baada ya kuoga ngozi ikiwa na unyevu. Wenye liwa na msio wa bibi, pakeni liwa yenu, almradi haijachanganywa na kitu cha dukani.

SEHEMU YA 7

Sasa maoni yangu, na najua kuna kina baba hapa mtakasirika.

Watu wa pwani tulikuwa na kinga ya jambo hili, inaitwa arobaini. Mzazi anakaa ndani siku arobaini, mama yake au shangazi anahamia, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anachukuliwa baada ya kunyonya, mzazi analala. Tulidhani ni mila ya usafi. Kumbe ilikuwa bima ya usingizi. Sikubaliani na kila kitu cha arobaini, yale maji ya moto ya kukanda mtu mpaka ngozi inababuka, na kumnyima samaki au mboga, hayo hapana. Lakini kulala? Wazee walijua.

Leo msichana kapanga chumba Kibiti mjini au Bungu, mama yake yuko Mbwera au Kiongoroni ng'ambo ya maji, mume anatoka alfajiri na bodaboda. Siku ya tatu yuko jikoni. Siku ya kumi anafua. Arobaini imebaki jina na sherehe ya kumtoa mtoto, na siku ya sherehe anayepika biriani ni mzazi mwenyewe! Halafu wageni wakimwona wanasema, "Eh, mbona umechakaa?"

Mimi naona neno hilo tuliache. Kabisa. Sisi wanawake ndiyo tunalisema kuliko wanaume. Nimeshalisema pia, kabla sijazaa.

Na baba, huwezi kunyonyesha, sawa, hakuna aliyekuomba. Unaweza kumchukua mtoto akishanyonya saa kumi na moja alfajiri ukakaa naye barazani mpaka saa moja na nusu. Saa mbili na nusu za usingizi usiokatika kwa mama, mara tano kwa wiki, hakuna kopo linaloshindana nazo. Kama unatoka alfajiri, basi chukua zamu ya jioni, mama alale saa mbili usiku. Mkiwa na bibi au dada wa mama karibu, mwombeni mchana saa moja tu. Ndugu zangu wa dunguni, nyie nyingi sana siwezi kuzitatua kwa posti ya simu, ila yule mwenye mtoto mchanga msimwachie zamu ya nguruwe. Na chandarua kiende naye dunguni, malaria nayo inakula damu.

Yule mama alirudi baada ya wiki sita. Damu imefika 10.6, haijafika tunakotaka, lakini gatini hahemi tena. Mumewe alikuja naye, kambeba mtoto mwenyewe, aibu kidogo usoni. Weusi chini ya macho bado upo, nikamuuliza mama yako anao? Akasema anao, na bibi alikuwa nao. Basi huo ni urithi, tumeucheka wote watatu.

Kopo aliniletea, kalifunga kwenye mfuko kama nilivyomwambia. Lilikuwa nusu. Nikamwambia lakini wewe ulipaka siku nne tu, nusu nyingine iko wapi? Akaangalia chini. Wifi yake alilipenda, kachota kaweka kwenye kopo la chumvi, naye ana mimba ya miezi sita.

Nimempa ujumbe amfikishie. Wifi namsubiri kliniki Jumatatu.